Bawasiri: Maradhi yanayotibika, aibu inayoponza

TUCHUKUE mfano wa dereva wa matatu mwenye umri wa miaka 48, ambaye huketi nyuma ya usukani tangu alfajiri hadi usiku. Asubuhi moja anaona matone ya damu nyekundu chooni. Hasikii maumivu yoyote. Anajiambia kwamba hiyo ni bawasiri, maradhi ambayo amesikia wenzake wakiyafanyia mzaha kituoni, na anaamua kunyamaza.

Mwezi mmoja unapita, kisha mitatu. Damu inakuja na kutoweka. Mkewe hamwambii, na kwa daktari haendi, kwa sababu hataki mtu amchungulie mahali hapo. Anachofanya ni kununua chupa ya dawa ya majani kwa mchuuzi, anayemhakikishia kwamba uvimbe utakwisha kwa siku saba.

Huenda dereva huyu ana bahati na kweli anaugua bawasiri tu. Lakini huenda pia anachokiita bawasiri ni saratani ya utumbo mpana, ambayo inazidi kukita mizizi kila mwezi anaoupoteza. Yeye mwenyewe hawezi kujua. Hata daktari hawezi kujua mpaka ampime.

Dereva huyu ni wa kubuni, ila wanaofanana naye ni wengi, wake kwa waume. Bawasiri ni miongoni mwa maradhi yanayoweza kuzuiwa kwa chakula na mazoea mema, na hata yakishampata mtu, mara nyingi hutulia bila upasuaji. Kinachoyafanya yawe ya hatari ni aibu. Aibu humfanya mgonjwa afiche damu, ajitibu gizani, na kulipa jina la bawasiri jambo ambalo pengine si bawasiri. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

Bawasiri ni nini?

Kila binadamu huzaliwa na vijimto laini vilivyojaa mishipa ya damu katika ukuta wa ndani wa njia ya haja kubwa. Vijimto hivyo si ugonjwa. Kazi yavyo ni kusaidia kuifunga njia hiyo barabara ili hewa, majimaji na choo visiponyoke bila hiari ya mtu.

Bawasiri hutokea vijimto hivyo vinapovimba kupita kiasi, nyama zinazovishikilia zikalegea, navyo vikaanza kuteremka kutoka vilipokuwa. Choo kigumu kinapopita hapo huvikwaruza, na damu ikatoka.

Kuna bawasiri ya ndani na bawasiri ya nje. Ile ya ndani huota juu kidogo, mahali ambapo hapana neva za kuhisi maumivu makali. Ndiyo maana mtu anaweza kutokwa na damu kwa muda mrefu bila kuumia. Bawasiri ya nje huota ukingoni, chini ya ngozi yenye neva nyingi, na hiyo huweza kuuma sana.

Madaktari huigawa bawasiri ya ndani katika viwango vinne. Katika kiwango cha kwanza, uvimbe hubaki ndani na dalili yake kubwa ni damu. Katika kiwango cha pili, uvimbe hutokeza nje mtu anapojikamua, kisha hurudi wenyewe. Katika kiwango cha tatu, haurudi mpaka mgonjwa aurudishe kwa kidole. Katika kiwango cha nne, hubaki nje na haurudishiki.

Viwango hivi vina maana kwa mgonjwa, kwa kuwa ndivyo vinavyomwongoza daktari kuchagua tiba. Anayekwenda hospitalini angali katika kiwango cha kwanza au cha pili huwa na nafasi nzuri ya kuepuka kisu.

Dalili za kawaida ni damu nyekundu inayodondoka chooni au kuonekana kwenye karatasi ya kujipangusia, mwasho, ute unaochafua nguo ya ndani, na uvimbe unaotokeza nje. Wakati mwingine damu huganda ghafla ndani ya bawasiri ya nje. Hapo hujitokeza kinundu kigumu chenye rangi ya zambarau, na maumivu yake huwa makali zaidi katika siku mbili au tatu za kwanza. Baadaye maumivu hupungua polepole, na kinundu hunywea katika muda wa wiki chache.

Chanzo chake

Jambo linalotajwa zaidi na wataalamu ni kujikamua kwa nguvu chooni, hasa kutokana na uyabisi wa tumbo, yaani hali ya kukosa choo au kupata choo kikavu na kigumu. Kuharisha kwa muda mrefu pia huweza kuleta bawasiri. Sababu nyingine ni uzito wa mwili kupita kiasi, kunyanyua mizigo mizito mara kwa mara, ujauzito, na umri, kwani kadiri mtu anavyozeeka ndivyo nyama zinazoshikilia vile vijimto zinavyolegea.

Suala la chakula lina historia iliyoanzia katika eneo letu hili la Afrika Mashariki. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alianza kazi Uganda mwaka wa 1946 na kubaki huko hadi miaka ya 1960. Dunia humkumbuka zaidi kwa aina ya saratani ya watoto iliyopewa jina lake. Hata hivyo, aliona jambo jingine: maradhi kama bawasiri, yaliyokuwa ya kawaida mno Uingereza, aliyakuta kwa nadra miongoni mwa wanakijiji wa Afrika.

Mwaka wa 1972, Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vya uzito wa choo cha watu wa mataifa mbalimbali. Wanakijiji wa Uganda, ambao chakula chao kilikuwa na nyuzinyuzi nyingi, walipata choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku. Mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza walipata kiasi cha gramu 100 tu, na chakula kilichukua muda mrefu zaidi kupita tumboni mwao.

Burkitt alihitimisha kwamba choo kidogo na kigumu humfanya mtu ajikamue, na kwamba kujikamua huko ndiko kunakozaa bawasiri. Watafiti waliomfuata walionyesha kwamba mambo si sahili kiasi hicho, kwa sababu wapo wenye uyabisi wa tumbo wasiopata bawasiri, na wapo wenye bawasiri wasio na uyabisi. Hata hivyo, ushauri wake kuhusu nyuzinyuzi ungali na nguvu hadi leo.

Kinaya ni kwamba wajukuu wa wale waliosifiwa na Burkitt sasa wanakula kama wale mabaharia. Mjini, ugali ni wa unga mweupe uliokobolewa, kiamshakinywa ni chai na mkate mweupe, na mchana ni chipsi na soda. Githeri, nduma, viazi vitamu na mboga za kienyeji zimeachiwa wazee na sherehe.

Isitoshe, limezuka zoea jipya la kuingia chooni na simu. Utafiti uliochapishwa Septemba 2025 katika jarida la PLOS ONE, uliofanyiwa watu wazima 125 katika hospitali moja ya Boston nchini Marekani, ulionyesha kwamba waliotumia simu chooni walikuwa na uwezekano wa kupata bawasiri uliozidi ule wa wenzao kwa asilimia 46. Utafiti huo ni mdogo na hauthibitishi kwamba simu ndiyo iliyoleta ugonjwa. Lakini waliotumia simu walikaa chooni kwa muda mrefu zaidi, na kukaa huko, njia ya haja kubwa ikiwa imelegea bila kuegemezwa na chochote, huongeza msukumo wa damu katika vile vijimto.

Mama mjamzito

Wanawake wengi hukutana na bawasiri kwa mara ya kwanza wanapokuwa wajawazito, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Mtoto anapokua tumboni huibana mishipa inayorudisha damu kutoka sehemu ya chini ya mwili. Homoni za ujauzito nazo huufanya utumbo usukume chakula polepole, na vidonge vya madini ya chuma ambavyo mama hupewa kliniki huweza kukifanya choo kiwe kigumu.

Mama asiache vidonge hivyo kwa hofu ya bawasiri, kwa maana upungufu wa damu ni hatari kwake na kwa mtoto. Aongeze maji, matunda na mboga, atembee kidogo kila siku, na amweleze muuguzi tatizo lake. Dawa za kulainisha choo zilizo salama kwa mjamzito zipo. Bawasiri nyingi za wajawazito hunywea zenyewe wiki kadhaa baada ya kujifungua.

Si kila damu ni bawasiri

Hapa ndipo penye jambo zito. Damu chooni ina vyanzo vingi. Huenda ikawa imetokana na mpasuko mdogo wa ngozi ya njia ya haja kubwa, ambao huuma kama kukatwa na kijembe wakati wa kujisaidia. Huenda ni ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na amiba au bakteria. Kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria au maeneo ya unyunyiziaji maji kama Mwea, huenda ni kichocho cha tumbo. Na huenda ikawa saratani ya utumbo mpana au ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo huo.

Saratani hiyo inashika nafasi ya tatu duniani kwa idadi ya wanaoipata. Mwaka wa 2022 peke yake, zaidi ya watu milioni 1.9 waligunduliwa kuwa nayo, na takribani 900,000 walifariki kwa sababu yake. Nchini Kenya pia imo miongoni mwa saratani zinazoongoza.

Bawasiri haigeuki kuwa saratani. Hatari ni kwamba maradhi haya mawili yanaweza kuanza kwa dalili moja, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote mawili kwa wakati mmoja. Anayejua ana bawasiri kwa miaka kumi huona damu zaidi na kudhani ni ile ile ya siku zote.

Tofauti kati ya kuwahi na kuchelewa ni kubwa mno. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba takribani wagonjwa tisa kati ya kumi wanaogunduliwa saratani ya utumbo mpana ikiwa haijasambaa huwa hai miaka mitano baadaye. Ikishafika katika viungo vya mbali kama vile ini, wanaofikisha miaka hiyo mitano ni chini ya wawili kati ya kumi.

Kwa hivyo, yeyote anayeona damu chooni kwa mara ya kwanza amwone daktari. Asicheleweshe hata kidogo iwapo kuna mojawapo ya mambo haya:

- ana umri wa miaka 45 au zaidi;
- damu ni nyeusi, au imechanganyika na kinyesi chenyewe badala ya kudondoka juu yake;
- mazoea yake ya choo yamebadilika kwa wiki kadhaa, kwa mfano anaharisha na kufungika kwa zamu, au choo kimekuwa chembamba;
- anahisi haja hata baada ya kutoka chooni;
- amekonda bila sababu, amechoka kupita kawaida, au amepimwa na kukutwa na upungufu wa damu;
- mzazi, ndugu au mtoto wake aliwahi kuugua saratani ya utumbo.

Vijana nao wasijione kwamba wamesalimika. Katika nchi kadhaa saratani hii imekuwa ikiongezeka miongoni mwa watu walio chini ya umri wa miaka 50. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya jopo la wataalamu wa Marekani, mwaka wa 2021, kupendekeza uchunguzi wa kawaida uanze katika umri wa miaka 45 badala ya 50.

Anayetokwa na damu nyingi isiyokoma, au anayehisi kizunguzungu na kutokwa na jasho baridi, asisubiri asubuhi. Apelekwe hospitalini mara moja.

Daktari hufanya nini?

Wengi huogopa uchunguzi kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu hawajui kinachotokea. Uchunguzi huo ni mfupi. Daktari huanza kwa maswali: damu ilianza lini, ina rangi gani, choo kikoje, unatumia dawa gani. Kisha humwomba mgonjwa alale kwa ubavu wa kushoto, magoti akiwa ameyakunja kuelekea kifuani, huku amefunikwa shuka.

Daktari hutazama sehemu ya nje, kisha huingiza kidole kilichovikwa glavu na kupakwa mafuta. Baada ya hapo hutumia kifaa kifupi chenye mwanga ili aone ndani, kwa sababu bawasiri ya ndani ya kiwango cha kwanza haiwezi kugundulika kwa kidole. Kwa kawaida kazi yote huchukua dakika chache. Huleta usumbufu kidogo, lakini haipaswi kuleta maumivu makali.

Mgonjwa ana haki ya kuomba daktari wa jinsia yake iwapo yupo, au kuomba muuguzi awepo chumbani. Na akumbuke kwamba alionalo yeye kuwa fedheha, kwa daktari ni kazi ya kila siku, sawa na kutazama jino au sikio.

Iwapo kuna shaka, daktari ataagiza damu ipimwe, kinyesi kipimwe, au mgonjwa apitishiwe kamera nyembamba ndani ya utumbo mpana. Kamera hiyo huweza kuonyesha vinyama vidogo ambavyo vikiachwa kwa miaka baadhi yake hugeuka saratani. Vingi huondolewa papo hapo.

Matibabu ya nyumbani

Daktari akishathibitisha kwamba ni bawasiri, hatua ya kwanza kwa wagonjwa wengi ni chakula na maji. Mwaka wa 2005, shirika la kimataifa la Cochrane, ambalo hukusanya na kupima tafiti za tiba, lilichapisha uchambuzi wa majaribio saba yaliyohusisha wagonjwa 378. Ulionyesha kwamba kuongeza nyuzinyuzi kulipunguza uwezekano wa kuendelea kutokwa na damu kwa takribani nusu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za matunda na mboga. Kiasi hicho hakihitaji dawa za bei ghali. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyochemshwa kina zaidi ya gramu 10. Nusu ya parachichi ina takribani gramu 6. Ongeza sukuma wiki au managu, mapera mawili, na ugali wa mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa, na utakuwa umefika.

Nyuzinyuzi ziongezwe polepole katika muda wa wiki mbili au tatu, la sivyo tumbo litajaa gesi. Tena ziambatane na maji, glasi sita hadi nane kwa siku, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji huweza kukifanya choo kizidi kuwa kigumu. Wenye ugonjwa wa figo au wa moyo wafuate kiwango cha maji walichopewa na daktari wao.

Kwa maumivu na mwasho, mgonjwa anaweza kuketi katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, na hasa baada ya kwenda haja. Maji matupu yanatosha. Hakuna haja ya kutia dawa kali ya kuua viini, ambayo huweza kuunguza ngozi. Baadaye ajikaushe kwa kujigusa taratibu na kitambaa laini bila kujisugua.

Malhamu za bawasiri na vidonge vya kuingiza kwenye njia ya haja kubwa hutuliza, lakini haviondoi ugonjwa. Zile zenye steroidi zisitumiwe kwa zaidi ya wiki moja bila ushauri wa daktari, kwa sababu hudhoofisha ngozi. Kwa maumivu, paracetamol inafaa. Dawa zenye codeine ziepukwe kwa kuwa hufunga choo.

Matibabu ya hospitalini

Iwapo hatua hizo hazikufua dafu baada ya wiki kadhaa, daktari anaweza kutumia njia nyingine. Inayotumiwa sana ni kufunga bawasiri kwa mpira mdogo. Mpira huo hukaza shina la uvimbe na kukata damu inayouendea. Uvimbe hunyauka na kudondoka katika muda wa wiki moja hivi, mara nyingi bila mgonjwa kutambua.

Njia hiyo hutumika kwa bawasiri ya ndani ya kiwango cha kwanza hadi cha tatu. Haihitaji kumlaza mgonjwa wala kumtia nusukaputi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Huenda ikabidi irudiwe. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, au mwenye ugonjwa wa ini, amweleze daktari mapema. Na aliyefungwa mpira akipata homa, maumivu yanayozidi, au akishindwa kukojoa, arudi hospitalini bila kukawia.

Njia nyingine ni kudunga dawa inayoufanya uvimbe usinyae. Hii ni kazi ya daktari aliyefunzwa, anayejua ni dawa gani, kiasi gani, na mahali gani sindano inapaswa kuingia.

Kwa kinundu cha damu iliyoganda, mgonjwa anayefika mapema, yaani ndani ya siku tatu hivi, anaweza kupasuliwa kidogo kwa ganzi ili apate nafuu ya haraka. Anayechelewa, kwa kawaida huachwa kinundu kinywee chenyewe huku akipewa dawa za maumivu.

Upasuaji kamili hufanyiwa bawasiri kubwa za kiwango cha tatu na cha nne, au zilizokataa tiba nyingine. Mtindo unaotumika sana ulielezwa mwaka wa 1937 na wapasuaji Milligan na Morgan wa hospitali ya St Mark's mjini London. Ni tiba inayodumu, lakini ina maumivu, na kupona huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi. Mtindo mwingine, ulioanzishwa na Antonio Longo wa Italia katika miaka ya 1990, hutumia mashine ya kubana na kushona. Maumivu yake ni machache, ila bawasiri hurejea mara nyingi zaidi kuliko baada ya upasuaji wa kawaida.

Dawa za kando ya barabara

Msomaji anayetembea mijini ameyaona matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima na kuta za vituo vya magari: bawasiri, nguvu za kiume na kurudisha mpenzi, vyote kwa nambari moja ya simu. Wanaopiga simu hizo huwa watu waliozidiwa na aibu, na aibu hiyo ndiyo mtaji wa mwenye tangazo.

Hatari haiko katika jina la mti. Dawa nyingi za hospitalini zilitokana na mimea. Hatari ni kwamba anayeuza chupa hiyo hajamchunguza mnunuzi, hajui kama damu ile ni ya bawasiri, na hasemi kilichomo ndani. Dawa kali zinazopakwa au kudungwa ili "kuunguza" uvimbe huweza kuunguza pia ngozi na msuli wa kufungia haja. Kidonda kinapopona huacha kovu linaloibana njia, na mtu aliyekuwa na tatizo dogo akabaki na ulemavu.

Imani zisizo za kweli

Wapo wanaosema bawasiri huletwa na kuketi kwenye saruji baridi. Baridi ya saruji haijulikani kusababisha bawasiri. Wengine huishutumu pilipili. Inaweza kuwasha mtu anapojisaidia, lakini jaribio lililochapishwa na watafiti wa Italia mwaka wa 2006 halikuona kwamba inazidisha dalili za bawasiri.

Kuna pia dai kwamba bawasiri humaliza nguvu za kiume. Bawasiri haina uwezo huo. Maumivu na hofu vinaweza kumpunguzia mtu hamu, na hamu hurudi anapotibiwa. Kuhusu woga kwamba anayepasuliwa hushindwa kuzuia choo maisha yake yote, jambo hilo hutokea kwa nadra linapofanywa na mpasuaji stadi.

Namna ya kujikinga

Kinga ya bawasiri haina gharama kubwa. Kula nyuzinyuzi na kunywa maji kila siku, si siku ya maumivu pekee. Haja inapokuja, nenda. Anayeizuia kwa sababu ya foleni ya magari au mkutano hukipa choo muda wa kukauka. Ukifika chooni, usijikamue wala usikae zaidi ya dakika tano hivi. Ikiwa haja haiji, ondoka urudi baadaye. Simu na gazeti, hata hili unalosoma, viache nje.

Anayetumia choo cha kuketi anaweza kuweka miguu juu ya kigoda kifupi na kuinama mbele kidogo. Mkao huo, unaokaribia ule wa kuchuchumaa katika choo cha shimo, huinyoosha njia na kupunguza haja ya kujikamua. Wanaoketi kazini kutwa, wakiwemo madereva, makarani na washonaji, waamke na kutembea kidogo kila wapatapo nafasi. Anayenyanyua mizigo asizuie pumzi anapoinua.

Tumrudie yule dereva wetu. Akienda hospitalini kesho, yawezekana ataambiwa ale maharagwe, anywe maji na arudi baada ya mwezi. Yawezekana atafungwa mpira na kurudi kazini. Na ikiwa ni saratani, atakuwa amekwenda wakati ambapo bado kuna mengi ya kufanywa.

Kwa vyovyote vile, neno gumu kuliko yote ni lile la kwanza: "Daktari, ninaona damu nikienda choo." Likishatamkwa, mengi yaliyobaki huwa mepesi. Na iwapo anayeona damu ni mume, mama au ndugu yako, usimcheke. Mshike mkono umpeleke.